Data huria ya bioanuwai ni nini? Tuanzie mwaloni Kibirizi

Data huria ya bioanuwai ni kumbukumbu za viumbe hai (samaki, miti, ndege, wadudu, uyoga) zilizowekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kuzipakua na kuzitumia kwenye utafiti bila kumbembeleza mwenye nazo, huku leseni ikisema wazi anaruhusiwa kufanya nini. Hilo la leseni ndilo watu wengi hulisahau. Jedwali lililorushwa kwenye kundi la WhatsApp la watafiti si data huria, hata kama limefika kwenye simu mia mbili. Aliyelipokea hajui kama anaruhusiwa kulitumia, na wewe hujui limeishia wapi.

Dhana yenyewe huonekana vizuri zaidi ukitazama kipande chake kidogo kabisa, yaani rekodi moja. Rekodi ya bioanuwai hujibu maswali machache: kiumbe gani, kilikuwa wapi, lini, nani alikiona au kukikusanya, na ushahidi ni upi. Ushahidi unaweza kuwa picha, sauti, sampuli iliyokaushwa, au macho ya mtu tu.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayefika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, alfajiri mitumbwi inaporudi. Ananunua migebuka kadhaa, anaipima, kisha anaandika kwenye daftari: “Mgebuka, Kibirizi, Machi, sm 31.” Kwake yeye mambo yameisha. Lakini mpe mtu mwingine daftari hilo miaka kumi baadaye uone maswali yatakayozuka.

Kwanza jina. Mgebuka wa Kigoma ndiye mukeke wa Bujumbura. Dagaa wetu, wenzetu wa Burundi na Kongo wanamwita ndagala, na hata neno dagaa lenyewe hapa linabeba samaki wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambao hukaangwa pamoja bila mtu kujali. Jina la kisayansi la mgebuka ni Lates stappersii, ingawa maandishi ya zamani yanamwita Luciolates stappersii. Kanzidata nzuri inajua kwamba majina hayo mawili ni ya samaki mmoja na inayaunganisha. Ila haiwezi kubahatisha mwandishi wa daftari alikusudia nini alipoandika “dagaa”.

Pili mahali, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Kigoma mjini ipo karibu na latitudo -4.88 na longitudo 29.63. Ile alama ya kutoa inaonyesha kuwa tuko kusini mwa ikweta. Ikidondoka wakati wa kunakili, na hudondoka sana, samaki wako anahamia nchi kavu karibu na mji wa Maridi, Sudan Kusini. Ukizigeuza namba hizo mbili, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, anaibukia Jangwa la Sahara. Kompyuta inaweza kushtuka kwamba nchi iliyoandikwa ni Tanzania na nukta imeangukia kwingine, ikaibandikia rekodi alama ya onyo. Kurekebisha kunabaki kuwa kazi ya mwenye data.

Hata tarakimu zikiwa sahihi, kuna swali ambalo mashine haiwezi kuligundua: yule mgebuka alivuliwa Kibirizi, au aliuzwa Kibirizi? Mtumbwi ulikuwa ziwani usiku kucha, ukiwa na taa zake, pengine kilomita nyingi kutoka mwaloni. Ukiandika nukta ya mwalo kana kwamba ndipo samaki alipokuwa akiogelea, unampa mtafiti uongo wenye tarakimu nne baada ya nukta. Tiba yake ni rahisi: kuna safu maalumu ya kuandika ukubwa wa shaka yako kwa mita. Andika 20,000 kama hujui vizuri zaidi, na useme kwamba samaki alinunuliwa sokoni. Kwangu mimi rekodi yenye shaka iliyotajwa ina thamani kuliko rekodi inayojifanya imepatia.

Safu hiyo na nyingine za aina yake zinatoka kwenye utaratibu unaoitwa Darwin Core, uliopitishwa rasmi kama kiwango mwaka 2009. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni orodha ya majina ya safu ambayo dunia imekubaliana, ili tarehe iandikwe kwa namna moja, jina la kisayansi likae sehemu moja, na jedwali la Kigoma liweze kusomwa pamoja na la Zambia bila mtu kukaa wiki nzima akiyapatanisha.

Majedwali hayo yanakutana kwenye GBIF, mtandao wa kimataifa wa data huria ya bioanuwai ulioanzishwa mwaka 2001, wenye sekretarieti Copenhagen, Denmark. Rekodi zake zilivuka bilioni 2 mwaka 2022. Tanzania ni mshiriki, na kwa hapa nchini shughuli hiyo iko chini ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wengi wanadhani kuingiza data huko ni kuikabidhi kwa wageni. Sivyo. Taasisi inabaki kuwa mchapishaji wa data yake, jina lake linasomeka kwenye kila rekodi, na inaweza kuirekebisha au kuiondoa. Leseni zinazokubaliwa ni tatu: CC0, ambayo haiweki sharti lolote, CC BY, inayomtaka mtumiaji amtaje mwenye data, na CC BY-NC, inayoongeza kwamba isitumike kibiashara. Kila anayepakua data hupewa namba ya kudumu, DOI, na akiitaja kwenye makala yake, mfumo unaweza kumwonyesha mwenye data ni tafiti gani zimekula jasho lake.

Kwa mtu wa Kigoma au Tabora, hoja ya uhuria ina historia ndefu kuliko intaneti. John Hanning Speke alifika Ujiji na Richard Burton mwaka 1858, macho yakiwa yanamsumbua kiasi kwamba ziwa lenyewe hakuliona vizuri, lakini magamba ya konokono aliondoka nayo. Mwaka uliofuata yalikwisha kuelezwa kisayansi London na mtaalamu aitwaye Woodward, na mmoja wa konokono hao leo anaitwa Spekia zonata. Mwaka 1880 mwingine akapewa jina Tiphobia horei, kutokana na Edward Hore, mmisionari aliyeishi Ujiji. Mimea aliyokusanya James Grant alipopita Unyamwezi na Speke kwenye safari ya 1860 hadi 1863 iko kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza.

Kwa zaidi ya karne moja, mtu wa Ujiji aliyetaka kujua konokono wa ufukweni kwake walikusanywa lini na wapi alihitaji nauli ya kwenda Ulaya na barua ya utambulisho. Makumbusho yanapoweka rekodi na picha za sampuli hizo wazi, mwalimu wa baiolojia Tabora anazifungua kwenye simu. Hilo si sawa na kurudisha sampuli zenyewe, na anayekuambia ni sawa anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini kati ya kuwa na taarifa na kutokuwa nayo, ni afadhali kuwa nayo.

Lebo za zamani nazo zina vituko vyake. Iliyoandikwa “Tanganyika” tu inaweza kuwa inasema ziwa, au nchi nzima ya wakati wa Waingereza. “Kazeh” ni eneo la Tabora ya leo. “Unyamwezi” ni pakubwa kiasi kwamba ukiweka nukta moja katikati yake unakuwa umechagua kijiji bila sababu. Mtu anayeijua Tabora kwa miguu anaweza kuitegua lebo kama hiyo haraka kuliko mtaalamu aliyeketi Ulaya, na ni uhuria wa data unaompa nafasi ya kuiona na kusema kitu.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapumzike na kuzaliana. Wavuvi waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama mapumziko hayo yanaleta samaki kweli. Jibu linahitaji data ya kabla na ya baada, na ya ng'ambo pia. Tangu mwaka 2003 kuna tafiti zilizochapishwa zikihusisha kuongezeka kwa joto la maji na kupungua kwa uzalishaji ziwani. Mtu anayetaka kutenganisha athari ya joto na athari ya nyavu hawezi kufanya hivyo kwa daftari la mwalo mmoja. Takwimu za mavuno na rekodi za uwepo wa samaki si kitu kimoja, ila zote huozea kwenye kabati zikifungiwa.

Ukifungua ramani ya rekodi usishangae nukta zimerundikana sehemu chache. Gombe imetafitiwa tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipofika mwaka 1960, na Mahale tangu Wajapani waanze kazi huko mwaka 1965. Miombo ya Sikonge au Urambo haikupata bahati hiyo. Nukta hufuata barabara, hifadhi na ufadhili. Kwa hiyo sehemu tupu kwenye ramani haimaanishi kwamba kiumbe hakipo. Mara nyingi inamaanisha hakuna aliyekwenda kutazama, au alikwenda na hakuchapisha. Ndiyo maana data iliyo bora husema pia juhudi: nyavu ngapi, saa ngapi, na kwamba walitafuta wakakosa. “Tulitafuta, hakuna” ni taarifa yenye uzito, na watu huitupa.

Je, kila kitu kiwekwe wazi? Hapana, na hapa sina kigugumizi. Mkurungu, mti unaokatwa na kusafirishwa kwa magendo kutoka misitu ya magharibi mwa nchi, uliingizwa mwaka 2019 kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kuchapisha nukta kamili ya kila mkurungu mkubwa ni kumchorea mwenye msumeno ramani. Samaki wa mapambo wanaoitwa Tropheus hubadilika rangi kutoka mwamba mmoja wa ufukwe hadi mwingine, na wafanyabiashara wanazitafuta rangi hizo kwa bei nzuri. Sokwe wa Gombe hawana siri, dunia nzima inajua wapo pale. Wa kuhofia ni wale walio nje ya hifadhi, kwenye misitu ya vijiji na eneo la Masito na Ugalla.

Kinachofanyika ni kufifisha mahali. Ukikata tarakimu za latitudo na longitudo ukabakiza moja tu baada ya nukta, unapata eneo la takriban kilomita 11 kwa 11. Mtafiti wa tabianchi bado anaweza kulitumia, mwizi wa mbao atachoka kutembea. Cha lazima ni kuandika kwamba umefifisha, la sivyo mtu atadhani hicho ndicho kipimo chako halisi. Nukta kamili inabaki kwenye taasisi, na mwenye sababu ya msingi anaiomba.

Jambo jingine la kuzuia halizungumzwi sana. Mtafiti wa mimea Tabora akiongozana na mganga wa tiba asili porini, ataambiwa majina na pia matumizi: huu wa tumbo, ule wa mama aliyejifungua. Kuwepo kwa mti mahali fulani ni data ya bioanuwai. Matumizi yake ni maarifa ya watu, na kuyapachika kwenye safu ya “maelezo mengine” kisha kuyarusha duniani chini ya CC0 bila ridhaa yao ni wizi wa kistaarabu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, makubaliano ya kimataifa kuhusu ridhaa na mgawanyo wa faida, ipo kwa sababu ya mambo kama haya.

Hofu ya watafiti wetu ya kuporwa kazi kabla hawajaandika tasnifu ni ya kweli pia. Siwalaumu. Njia iliyozoeleka ni kuahirisha: unaandaa data sasa, unaichapisha ukishamaliza makala. Kinachoniudhi ni kuahirisha kusikokuwa na mwisho, mpaka kompyuta inakufa na data inakwenda nayo. Ni kweli vilevile kwamba maabara yenye kompyuta kubwa na mishahara itaitumia data yako haraka kuliko chuo chenye intaneti ya kusuasua. Uhuria hauwezi kuondoa pengo hilo. CC BY walau inahakikisha unatajwa.

Asiye mtafiti naye ana mlango wake. iNaturalist, tovuti na programu ya simu iliyoanza mwaka 2008, hupokea picha ya kiumbe pamoja na tarehe na mahali. Watumiaji wengine wakikubaliana juu ya jina, na leseni yako ikiruhusu, rekodi inapelekwa GBIF. Viumbe walio hatarini mahali pao hufifishwa na mfumo wenyewe. Angalia tu kile kisanduku cha kuonyesha kama kiumbe ni cha porini au kimepandwa au kufugwa. Miembe mikubwa ya Ujiji, iliyopandwa enzi za misafara, ni mizuri kupiga picha na inastahili kuhifadhiwa, lakini ikiingizwa kama miti ya mwituni, mtu wa mbali atahesabu mwembe kati ya miti ya asili ya Kigoma.