Kirusi mfu na nano havitupi chanjo ya homa ya nguruwe

Nimeulizwa tena, na safari hii na mtu mwenye shahada ya mifugo ukutani: "Dokta, kwa nini msiue tu kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika, mkakitia kwenye nano (vichembe vidogo mno vya kubebea chanjo), tukachanja?" Mfugaji akiuliza hivyo namjibu kwa upole. Wewe mwenzangu, hapana.

Nano ni adjuvanti, yaani kiambato cha kuipa chanjo nguvu, na kazi yake ni kuamsha kinga. Haichagui kinga ilenge nini. Mwaka 1925 Gaston Ramon, huko Ufaransa, aliwachoma farasi toksoidi (sumu ya bakteria iliyoondolewa makali) iliyochanganywa na tapioka (ndiyo, wanga wa muhogo) na kingamwili zikapanda. Mwaka uliofuata mtafiti Mwingereza Glenny akaja na chumvi za alumini, kisha zikaja adjuvanti za mafuta. Nano ni wajukuu wa ukoo huohuo: PLGA, aina ya plastiki ambayo hutumika pia kwenye nyuzi za kushonea zinazoyeyuka mwilini, kitosani, kutoka magamba ya kamba na kaa, na nyingine. Zinabeba antijeni (kipande cha kimelea ambacho kinga hukilenga), zinailinda isivunjwe mapema, zinaifikisha kwa seli dendriti, zile zinazoionyesha kinga adui. Basi. Antijeni isiyofaa ikifika salama bado haifai.

Na kirusi hiki, tangu daktari wa mifugo Montgomery akielezee Kenya mwaka 1921, hakijatupa antijeni rahisi. Kina protini zaidi ya 150, kinazaliana ndani ya makrofaji, seli za kinga zilezile zinazotakiwa kukimeza, na kingamwili peke yake hazikizimi. Seli T za CD8, zinazoua seli zilizoambukizwa, zinahitajika. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walijaribu wazo la kirusi mfu kwa adjuvanti za kisasa. Nguruwe wakatengeneza kingamwili, wakaambukizwa, wakaugua vilevile. Ukishaisoma hiyo, njoo tuongee.

Sakovirusi PCV2, kirusi kingine cha nguruwe, ni habari nyingine. Protini yake moja ya ganda, ikizalishwa maabara, hujipanga yenyewe kuwa tufe dogo la takriban nanomita 20, na chanjo zake zinafanya kazi vizuri kwa sababu antijeni hiyo moja inatosha.

Kinachonikera zaidi, hata hivyo, ni majaribio ya panya. Kila mtu ananukuu kanuni kwamba chembe zilizo chini ya nanomita 200 huteleza zenyewe hadi kwenye tezi za limfu, na kubwa zaidi husubiri kubebwa na seli. Sawa, kwa panya. Tezi ya limfu ya nguruwe imepinduliwa: vituo vya seli B (zinazozaa kingamwili), ambavyo kwa wanyama wengine viko pembezoni, kwake viko ndani, na limfosaiti zake (seli nyeupe za kinga) huondoka kwa kuingia moja kwa moja kwenye damu badala ya kupita mshipa wa limfu. Halafu panya ana gramu 20 hivi, nguruwe wa kuchinjwa ana kilo 100. Nani atalipia kiasi hicho cha chembe, mfugaji anayelalamikia bei ya pumba?

Vitabu vinaruka jambo moja. Nano zilizoonyesha matumaini kwa nguruwe wenyewe, kupitia puani, ni kama zile za chuo kikuu cha Ohio State, Marekani, dhidi ya PRRS (ugonjwa wa virusi wa uzazi na upumuaji wa nguruwe), zenye kirusi kilichouawa ndani ya PLGA. Lakini waliongeza pia dondoo la seli za bakteria wa kifua kikuu. Sifa tuipe chembe au dondoo? Mimi nashuku dondoo, ila sitaapa.

Kwa homa ya nguruwe, zilizofika mbali ni chanjo hai zilizodhoofishwa. Vietnam iliziruhusu kwa matumizi ya kibiashara mwaka 2023. Zimejengwa juu ya genotaipu (ukoo wa kijeni wa kirusi) II, wakati Kenya na Uganda kuna genotaipu IX na X, na kirusi hai kinaweza kurudia ukali wake. Hizo shida mbili ndizo zinazoninyima usingizi, na hakuna nano inayozigusa. Kwa hiyo ukiniletea makala nyingine, nitafungua kwanza ukurasa wa wanyama: kama ni panya, nakurudishia. Kama ni nguruwe, nionyeshe waliopona baada ya kuambukizwa, grafu ya kingamwili baki nayo.