Kuripoti ubovu wa mtaa kwa simu: yanayosemwa na yalivyo

"Ukituma ripoti, shimo litazibwa." Programu haina lami wala kokoto. FixMyStreet, programu ya kuripoti ubovu wa mitaa iliyoanza Uingereza mwaka 2007, inaendeshwa na mySociety, shirika la hisani, si serikali. Unaweka alama kwenye ramani, unachagua aina ya tatizo, unaambatisha picha, kisha mfumo unaipelekea halmashauri inayohusika. Kuziba ni juu ya halmashauri, kwa bajeti yake na foleni yake. Baada ya wiki nne aliyeripoti huulizwa kama kazi imefanyika.

"Basi ni kumaliza bando bure." Sikubaliani kabisa. Ripoti hubaki hadharani ikiwa na tarehe. Kwa Uingereza hilo lina uzito: Sheria ya Barabara ya mwaka 1980, kifungu cha 58, inaitaka mahakama iangalie, pamoja na mengine, kama mamlaka ilijua au ilipaswa kujua kuhusu ubovu uliomuumiza mtu. Ukimlalamikia mjumbe kwa mdomo, ushahidi wa namna hiyo haupo.

"Mtaa wenye alama nyingi kwenye ramani ndio mbovu kuliko yote." Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa, kwa sababu huwadanganya hata wapanga bajeti. Mwaka 2012 jiji la Boston, Marekani, lilikuja na programu ya Street Bump: simu ikiwa ndani ya gari ilihisi mtikisiko na kurekodi mahali ulipotokea, dereva hakugusa kitu. Lakini asiye na gari wala simujanja hatikisiki popote kwenye ramani hiyo. Mitaa ya maskini na wazee ingeonekana laini, na mafundi wangepelekwa kwa wenye nacho. Jiji liliiona hatari hiyo, likaanza na wakaguzi wake wa barabara, ambao huzunguka mitaa yote. Tena mitikisiko mingi haikutoka kwenye mashimo, bali kwenye mifuniko ya chemba iliyozama chini ya usawa wa lami. Kimya cha mtaa kinahitaji mtu aende akaangalie kwa macho.

"Picha inatosha." Picha ya chemba iliyo wazi haisemi iko wapi, na katikati ya maghorofa GPS huweza kukuweka mtaa wa pili. Andika hivi: "Chemba haina mfuniko, kushoto ukitoka sokoni, mbele ya kituo cha daladala, watoto wa shule wanapita hapa."

"Serikali ni moja, yeyote atashughulikia." Tanzania, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kenya nako zipo KeNHA ya barabara kuu, KURA ya barabara za mijini na KeRRA ya za vijijini. Bomba likipasuka Dar es Salaam na kuchimba lami, kuna DAWASA, mamlaka ya maji, wa kufunga maji na mwenye barabara wa kuziba shimo. Waandikie wote wawili, na utunze namba ya kumbukumbu ya kila ripoti.