Komiki yenye saini kwenye jalada la foili: ipi napiga pasi, ipi naiacha

Kazi yangu ni kupiga pasi komiki za wakusanyaji. Nyingi ni kazi ya kawaida, lakini zipo zinazonikalisha kitako: komiki yenye saini ya msanii juu ya jalada, na jalada lenyewe ni la foili, kromiamu, hologramu au lenye picha zilizoinuliwa. Saini peke yake ina dawa yake, na jalada la namna hiyo lina dawa yake. Zikikutana, dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Kwa ambaye hajawahi kuiona kazi hii: tunaipa karatasi unyevu kidogo, joto na mgandamizo ili nyuzi zake zilegee, kisha tunaiacha ipoe ikiwa imenyooka. Mawimbi huondoka, vibonyeo vya vidole huondoka, mgongo uliokwenda upande hurudi. Mkunjo uliokwisha kuvunja wino na kuacha mstari mweupe hauondoki, na anayekuahidi kuuondoa atakuwa anautia rangi, jambo ambalo ni ukarabati na lina lebo yake. Pasi yenyewe CGC, kampuni ya Marekani inayopanga madaraja ya komiki tangu mwaka 2000 na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki lenye lebo, haiihesabu kuwa ukarabati. Ndiyo maana watu huipenda. Kwenye kipimo chao cha 0.5 hadi 10.0, komiki mpya inaweza kukosa 9.8 kwa sababu ya vibonyeo viwili vitatu tu, na bei ya 9.6 mara nyingi ni hadithi nyingine kabisa.

Ukiniuliza mpangilio ulio bora, nitakwambia kila siku: pasi kwanza, saini baadaye, daraja mwisho. Jalada likiwa halina wino wa kalamu, mikono yangu iko huru. Tatizo ni kwamba watu hukutana na msanii kwenye tamasha, wanasainiwa, halafu ndiyo wanakumbuka pasi.

Hapo liangalie kwanza suala la lebo. Saini iliyotiwa mbele ya shahidi wa CGC hupata lebo ya njano, na thamani yake inatokana na kwamba komiki haikurudi mikononi mwa mwenyewe kati ya kusainiwa na kufungiwa. Komiki ya namna hiyo ikihitaji pasi, ipigwe na CCS, kitengo dada cha CGC, ikiwa bado iko ndani ya mikono yao. Usivunje kasha la lebo ya njano ukaniletea mimi. Nitaweza kuinyoosha vizuri tu, lakini ushahidi wa saini umekwisha siku ulipovunja kasha. Komiki ninazozipokea mimi ni zile ambazo mwenyewe anajua saini yake haina shahidi na ameridhika nayo.

Sasa wino. Kabla ya kugusa mashine nailaza komiki chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, karibu usawa wa meza. Mwanga wa namna hiyo unasema mengi: kila kibonyeo kinatoa kivuli, na saini nayo inaonyesha tabia yake. Makapeni ya kawaida, ambayo wino wake ni rangi iliyoyeyushwa katika kileo, hulala bapa kabisa. Juu ya karatasi yenye mng'aro wino huo umeshika kiasi. Juu ya foili haujanyonywa na chochote. Umekaa juu tu, na msuguano mdogo unaweza kuufuta. Kwa hiyo hata usafishaji wa kifutio, ambao huwa naufanya kabla ya pasi kuondoa uchafu wa mikono, naukomesha mbali na saini. Vimiminika vyenye kileo havikaribii kabisa.

Kalamu za rangi, zile za dhahabu, fedha na nyeupe ambazo wasanii huzipenda kwa sababu zinaonekana juu ya jalada jeusi, ndizo ninazoziogopa. Chini ya taa utaona mstari umesimama, una unene. Rangi hiyo juu ya foili au plastiki hukauka ngozi ya juu mapema, huku ndani ikiendelea kuwa laini kwa muda mrefu. Ukiibana kwa joto inashika kile kilichokaa juu yake, na hata karatasi ya silikoni, isiyoshikwa na karibu chochote, inaweza kuiachia rangi hiyo alama ya ukungu badala ya mng'ao. Zaidi ya hapo, ule unene wenyewe ukigandamizwa unaweza kupiga chapa ya saini kwenye ukurasa wa chini yake. Wino wa jeli na wa kalamu za kuchovya una shida nyingine: maji. Kwake chumba cha unyevu, ambamo karatasi hulegezwa kwa mvuke kabla ya pasi, ni marufuku, basi nabaki na joto kavu, ambalo kwa mawimbi makubwa halitoshi.

Jalada nalo lina masharti yake. Foili ni tabaka lisilopitisha unyevu lililogandishwa juu ya karatasi. Unyevu unaingia kwa upande wa ndani peke yake, upande mmoja unatanuka na mwingine hautanuki, na jalada linajikunja kama jani la mgomba juani. Kwa hiyo foili naipa unyevu mdogo sana au siipi kabisa. Na kibonyeo kikali kwenye foili hakirudi chote; ni chuma kilichopinda, si nyuzi.

Picha zilizoinuliwa, kama kwenye Silver Surfer namba 50 ya mwaka 1991, zinauawa na bamba la mashine. Mgandamizo wa kawaida unazilaza, na kinyago kilichokuwa kimetokeza kinabaki kivuli. Hapo naweka tabaka laini juu ya jalada na kupunguza nguvu, nikikubali mapema kwamba sitapata unyoofu kamili. Jalada lililokatwa matundu, kama Wolverine namba 50, nalijazia matundu kwa karatasi ya unene uleule, la sivyo kingo zake zinajichora kwenye ukurasa unaofuata. Hologramu iliyobandikwa ina gundi, na gundi ikipata moto inatembea. Majalada ya plastiki yenye mistari ya lenzi, yale ya picha inayobadilika ukiitikisa, ambayo kampuni ya komiki ya DC ilitoa kwa wingi Septemba 2013, siyapigi pasi kwa bei yoyote. Joto likiyapinda, yamepinda.

Komiki ikipita maswali yote hayo, njia yangu ni hii. Nakata kadibodi nyembamba isiyo na asidi kwa ukubwa wa jalada, natoboa dirisha kubwa kidogo kuliko saini, na kingo za dirisha nazisugua kwa msasa mpaka zilainike ili zisiache mstari. Bamba linagusa kila mahali isipokuwa pale penye wino. Dirisha jingine dogo naliweka juu ya pini za mgongoni zinazoshika kurasa, maana pini nazo zikisukumwa huacha alama hadi ndani. Kati ya jalada na ukurasa wa kwanza naingiza karatasi ya silikoni. Joto linakaa karibu na nyuzi 60 hadi 65 za Selsiasi, chini ya lile ninalolitumia kwa komiki kuukuu za karatasi ya gazeti, na muda ni wa dakika chache. Kupoa ndiko kunakochukua saa nyingi, chini ya uzito, mashine ikiwa imezimwa. Wenye haraka huharibu hapa: jalada linatoka likiwa bado na uvuguvugu, limenyooka kabisa, na kesho yake linaanza kujikunja.

Sehemu iliyo chini ya dirisha haitanyooka sawasawa na nyingine. Kibonyeo kikiwa katikati ya jina la msanii, kitabaki, na wateja nawaambia kabla hawajalipa.

Ukinitumia komiki ya namna hii, andika kwenye karatasi ya pembeni saini ilitiwa lini na kwa kalamu gani kama unakumbuka, na karatasi hiyo iache nje ya mfuko wa plastiki wa komiki. Usibandike chochote chenye gundi juu ya jalada, hata kile kikaratasi cha njano cha ofisini cha kuonyesha "saini iko hapa".