“Si Java Huenda Popote, Fundi?”

Wiki iliyopita nilikuwa nimeinama chini ya meza ya wakala mmoja wa forodha, Barabara ya Nkrumah, natafuta soketi ya kuchomekea kompyuta yake mpya, inayoendeshwa na mfumo wa Linux badala ya Windows. Mwenyewe, chai mkononi, akanitamkia maneno yaliyonitia sugu masikioni: “Fundi, we nakili tu hilo faili la programu yangu. Si Java huenda popote?”

Huenda, bwana. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java hugeuzwa kuwa baitikodi, yaani msimbo wa kati, na hiyo ndiyo inayokwenda. Lakini haikanyagi popote bila mashine pepe, yaani programu ya kuisoma na kuiendesha, na mashine pepe ina matoleo. Kompyuta ile ilikuwa na Java 8, ya mwaka 2014. Programu ilijengwa kwa Java 17. Nilipoiendesha kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ikanitemea ujumbe wenye nambari mbili, 61.0 na 52.0. Ya kwanza ni ya programu, ya pili ni kikomo cha mashine iliyopo. Toa 44 kwa kila moja upate toleo la Java: 17 na 8. Mashine mpya kwa kawaida husoma vya zamani. Ya zamani haisomi vipya. Hesabu ya kutoa tu hiyo, lakini watu huziona nambari, wakafunga dirisha na kunipigia kwamba Java imeharibika.

Nikaweka 17. Programu ikafunguka, nembo ya kampuni haionekani, ripoti hazihifadhiki. Hapo mashine pepe haina kosa. Aliyeiandika programu aliipa njia ya faili kwa mkono: C:\Stoo\Nembo.png. Linux haina hiyo C, mkwaju wake (/) huegemea upande wa pili, na faili lenyewe liliitwa nembo.png, kwa n ndogo. Windows hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, Linux haisamehi. Java ina njia zake za kuunganisha folda bila kujali mfumo, tena za miaka mingi. Yeye hakuzitumia, maana kwake ilikuwa inafanya kazi.

Duka moja la Mwembe Tayari lilipohamia kompyuta nyingine, majina ya bidhaa kwa herufi za Kiarabu yaligeuka alama za kuuliza, msururu mzima wa risiti. Kabla ya Java 18, iliyotoka 2022, programu isipotaja usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kama nambari, mashine pepe ilifuata ule wa mfumo ulioibeba. Tangu hapo chaguo-msingi ni UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za karibu lugha zote. Waandishi wa programu, utajeni wenyewe, mtatuokoa sote.

Na nitalirudia hili hadi mnichoke: programu isafiri na Java yake. Tangu Java 9 kuna jlink, zana inayokata mashine pepe ndogo yenye vipande vinavyohitajika tu. Kifurushi hicho hujengwa kwa kila mfumo peke yake, cha Windows hakifunguki kwenye Linux. Kazi imeongezeka, ndiyo. Mimi nazo simu zimepungua.

Sasa madai mengine ninayoletewa na wateja. “Java inalipiwa siku hizi.” Kifurushi cha Oracle, kampuni inayomiliki Java, ndicho kilichobadilishiwa masharti mwaka 2019. OpenJDK, Java ya msimbo wazi, ni programu huria. Sun, kampuni iliyoiunda Java, walianza kuufungua msimbo wake mwaka 2006 kwa leseni ya GPL. Chukua Temurin, kifurushi cha bure cha OpenJDK, weka, endelea na biashara.

“Ni kama VirtualBox.” Hapana. VirtualBox huiga kompyuta nzima, unaweka Windows ndani yake. Mashine pepe ya Java huendesha programu tu.

“Java ni nzito.” Mnaipima dakika ya kwanza. Huanza kwa kutafsiri baitikodi hatua kwa hatua, kisha sehemu zinazotumika mno huzigeuza kuwa lugha ya prosesa yenyewe. Ikikumalizia RAM, ujue usipoipangia kikomo hujipa ruhusa ya kufika robo ya kumbukumbu yote kwa vitu vya programu. Ipangie kwa -Xmx, chaguo unaloandika kwenye amri ya kuianzisha.

JavaScript ni lugha nyingine kabisa. Basi.

Yule wa Nkrumah alipiga jana. Sasa anataka programu ileile kwenye simu yake ya Android, “maana nayo ni Java.” Nikamweleza kwamba Android haisomi baitikodi ya Java ilivyo, hugeuzwa kwanza kuwa umbo lake, DEX, na madirisha ya programu yake yameandikwa kwa ajili ya kompyuta, itabidi yaandikwe upya. Akanyamaza kidogo. “Kwani huwezi kunakili tu?”