Bawa kubwa nyuma halitoshi: hewa inavyoikandamiza gari ya spoti

Watu wakishajua nafanya kazi ya aerodinamiki ya magari, yaani jinsi hewa inavyoipita gari, wananiuliza hivi, "hii gari hewa inaikandamiza kilo ngapi?" na mimi nawarudishia swali, mbele ngapi na nyuma ngapi? Hilo la pili ndo muhimu zaidi, kwa sababu kilo nyingi zikikaa sehemu mbaya ni hatari kuliko kutokuwa nazo kabisa.

Ila kwanza ukinzani wa hewa, maana kilo zote hizo zinalipiwa huko. Hewa inakuzuia kwa mraba wa spidi, ukikimbia mara mbili ukinzani unakuwa mara nne na nguvu ya injini ya kuushinda inakuwa mara nane. Chukua gari yenye Cd (kipimo cha jinsi umbo lake linavyokinzana na hewa) ya 0.32 na eneo la mbele mita 2 za mraba. Kwenye 100 km/h hewa inakula kama kilowati 8 tu, kwenye 200 inakula 66, kwenye 300 ni 222, na hapo hujagusa msuguano wa matairi wala gia. Ndo maana Bugatti Veyron ya 2005 ilikuwa na nguvu za farasi 1,001, na bado ili ifike 400 km/h na ushee dereva alitakiwa kutumia ufunguo wa pili unaoishusha gari karibu na lami na kurudisha bawa la nyuma ndani.

Sasa kuna kitu wengi hawakijui: gari ya kawaida ikikimbia haikandamizwi, inanyanyuliwa. Hewa inayopita juu ya paa lililopinda inaongeza kasi, presha inashuka, huku presha ya chini iko juu zaidi, basi gari inavutwa juu. Gari zenye mgongo unaoteremka taratibu hadi nyuma ndo zinaumia zaidi kwenye ekseli ya nyuma. Audi TT ya kwanza ilipata ajali kadhaa za spidi kubwa, mpaka Audi wakaziita gari kiwandani wakaongeza spoila ndogo (ukingo wa kupunguza mnyanyuko) kwenye buti, wakarekebisha saspenshoni na kuweka ESP, mfumo wa kompyuta unaosaidia gari isipoteze mwelekeo. Porsche nao mwaka 1972 waliipa 911 Carrera RS 2.7 ule mkia wa bata, na ukiutazama vizuri ni ukingo tu uliokunjwa juu kidogo, lakini hewa ikiufikia inapungua kasi, presha inapanda juu ya kifuniko cha injini, na nyuma inatulia. Gari nyingi za spoti za barabarani zinaishia hapo, zinafuta mnyanyuko, hazifiki kwenye kukandamizwa kwa kweli, na kwangu hiyo ni kazi nzuri sana tayari.

Faida ya kukandamizwa ni kwamba tairi linapata mzigo wa kuling'ang'aniza lami bila gari kuongezeka uzito wa kukatisha kona. Ukiweka mawe kwenye buti tairi litashika zaidi, sawa, lakini na mawe yenyewe yanataka kuvutwa yakate kona. Hewa haina shida hiyo.

Njia ninayoipenda ni ya chini ya gari. Unafunika sakafu iwe laini, hewa inabanwa kati yake na lami, inakimbia, presha inashuka na gari inanyonywa chini, halafu kule nyuma difyuza, yaani sehemu ya sakafu inayopanda juu, inapanuka taratibu ili hewa ipunguze kasi bila kuachana na ukuta wake. Ukiipandisha ghafla sana hewa inajitenga, kunabaki mizunguko tu, na mnyonyo wote umeisha. Kwa kila kilo, sakafu inakudai ukinzani mdogo kuliko bawa. Bawa nalo lina siri zake, mfano kile kipande chembamba cha bati kinachosimama wima kwenye ukingo wake wa nyuma, milimita chache tu, dereva wa mbio Dan Gurney alianza kukitumia 1971 na hadi leo kinaongeza mkandamizo mwingi kuliko unavyotegemea ukikiangalia.

Bei ya mkandamizo unaiona vizuri kwenye Porsche 911 GT3 na GT3 RS za kizazi cha 992. GT3 iliyotoka 2021 ina farasi 510 na inafika 318 km/h, RS ina 525 na inaishia 296. Hizo kilomita 22 zimeenda kwenye kilo 860 za mkandamizo kwenye 285 km/h, zaidi ya nusu ya uzito wa gari yenyewe. Na watu wanapiga picha bawa tu! Mimi naangalia mbele. Wameweka rejeta moja kubwa katikati badala ya tatu, sehemu ambayo 911 nyingine zinawekea mizigo, ili pembeni pabaki nafasi ya mabawa madogo yanayojigeuza. Juu ya matairi ya mbele kuna matundu ya kutolea presha inayojaa kwenye matao ya magurudumu, kwa sababu presha hiyo ikibaki humo inanyanyua pua. Bila hayo yote bawa la nyuma lingekandamiza mkia na kuinua pua, kama mtu anayekalia ncha ya benchi, na usukani ungekuwa mwepesi kwenye kona ya kasi.

Ndo maana nasema ukifunga bawa kubwa kwenye gari ambayo mbele hujagusa kitu, umehamisha mshiko tu. Na hata gari iliyopangwa vizuri haibaki vile vile: ukikanyaga breki kwa nguvu pua inainama, splita, ile sahani inayotokeza chini ya bampa la mbele, inakaribia lami, mnyonyo wa mbele unaongezeka na wa nyuma unapungua, yaani mkia unakuwa mwepesi pale pale ambapo unauhitaji. Hapo kwenye RS mabawa ya mbele na ya nyuma yanasimama yote kwa pamoja, yanaongeza ukinzani wa kusaidia breki na kurudisha uzito wa hewa nyuma.