Mtaalamu wa kriketi kutoka nje: kabla hamjasaini, mnajua anakuja kufanya nini?

Timu ya taifa ya kriketi ikifungwa mechi tatu mfululizo utasikia tu, tuleteni kocha wa nje. Na kweli analetwa, anapokelewa uwanja wa ndege, anapigwa picha na mwenyekiti wameshika bati la kupigia mpira wote wawili wanacheka, halafu miaka miwili baadae kaondoka na laptopu yake na nyie mko pale pale alipowakuta. Kazi yangu hapa kwenye taasisi ni kufundisha makocha na kusaidia vyama vya michezo kuandika hadidu za rejea za wataalamu wa namna hii, kwahiyo hii sinema nimeiona sana. Kitu ambacho watu wanakichanganya kuliko vyote ni kwamba kocha wa timu ya taifa na mtaalamu wa mfumo wa maendeleo ni kazi mbili tofauti, hata kama tracksuti wanavaa ya aina moja.

Kocha wa timu anapewa wachezaji kumi na tano ambao wameshaiva au hawajaiva hiyo shauri yake, yeye anatakiwa ashinde Jumamosi. Mtaalamu wa mfumo Jumamosi haimhusu. Yeye anauliza mtoto wa miaka kumi na moja leo anafundishwa na nani, mwaka huu atacheza mechi ngapi za ukweli, kwenye pichi (ule ukanda wa katikati mpira unaporushwa na kupigwa) ya aina gani, akifika kumi na sita anaenda wapi, na mbona wasichana walioanza nae wote wameshaacha. Majibu ya maswali hayo yanaonekana uwanjani baada ya miaka mitano, nane, kumi. Sasa ukimwajiri mtu wa kazi ya pili halafu ukamfukuza kwa kipimo cha kazi ya kwanza umemuonea, na pesa yako umeitupa.

Mfano mzuri ambao mimi hupenda kuutumia darasani ni wa Uingereza. Miaka ya tisini walikuwa wanachapwa na Australia kila wakikutana, na ilipofika 2001 wakafanya kitu ambacho kwa wenye kriketi yao kilikuwa kama kumeza wembe, wakamchukua Rod Marsh, Muaustralia, kipa wa wiketi wa zamani, yaani mdakaji wa nyuma ya mpigaji, aliyekuwa ameongoza akademi ya Australia kule Adelaide tangu 1990, awe mkurugenzi wa akademi yao ya taifa. Angalia hapo hawakumpa timu ya taifa, ile ilikuwa na kocha wake Duncan Fletcher, mtu wa Zimbabwe. Marsh akapewa vijana. Jengo la akademi hiyo kule Loughborough, Uingereza, lilikuwa bado halijaisha, kwahiyo kundi la kwanza likapelekwa kukaa Adelaide, na ndani ya kundi lile walikuwemo Andrew Strauss, Ian Bell na Simon Jones. Miaka minne baadae, 2005, Uingereza ikachukua Ashes, taji wanalogombania wao na Australia, kwa mara ya kwanza tangu 1987 na hao wote watatu walikuwa kikosini.

Watu wakisikia hiyo stori wanaishia hapo, Marsh kaja, Ashes zimerudi. Ngoja kwanza. Kabla Marsh hajatua, mwaka 2000 bodi ya Uingereza ilikuwa imeshaanza mikataba ya moja kwa moja na wachezaji wakuu ili klabu zao za kaunti zisiwachoshe, na ligi ya kaunti walikuwa wameigawa madaraja mawili ili kuwe na kupanda na kushuka. Yaani shamba lilikuwa limeshalimwa. Na Marsh alipoondoka 2005 aliyekamata akademi ni Peter Moores, Muingereza, ambaye miaka miwili baadae akawa kocha wa timu ya taifa. Kwangu mimi hiyo ya Moores ndo habari kubwa kuliko hata Ashes, maana kiti hakikubaki wazi wala hawakuanza kutafuta mgeni mwingine.

Sasa linganisha na stori ya timu mbili zilizokuwa sawa kabisa. Aprili 1997 fainali ya ICC Trophy, mashindano ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, kule Kuala Lumpur, Kenya na Bangladesh, Steve Tikolo kapiga mikimbio 147, mvua ikaingilia, Bangladesh wakashinda kwenye mpira wa mwisho kabisa. Kocha wa Bangladesh alikuwa Gordon Greenidge wa West Indies, mpigaji mkubwa wa enzi zake, na walimpenda mpaka wakampa uraia. Miaka miwili baadae kwenye Kombe la Dunia 1999 wakamfukuza, na siku hiyo hiyo timu yake ikaifunga Pakistan pale Northampton kwa mikimbio 62. Kosa lake mojawapo ni kwamba alikuwa anasema hadharani kwamba nchi haijawa tayari kwa mechi za Test, zile za siku tano ambazo ndo ngazi ya juu ya kriketi. Akaja Eddie Barlow wa Afrika Kusini, huyu akakazania mashindano ya ndani ya mechi za siku nyingi, ligi yao ya kitaifa ikawa imeanza msimu wa 1999/2000, lakini mwaka 2000 akapatwa na kiharusi. Hadhi ya Test wakaipata mwaka huo huo. Ushindi wao wa kwanza wa Test wakaupata Januari 2005. Zaidi ya miaka minne wanapigwa tu, Greenidge alikuwa hajakosea sana jamani.

Ila waliendelea kuwa na ligi. Kenya wao 2003 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia chini ya kocha wa Kihindi Sandeep Patil, Collins Obuya akachukua wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, dhidi ya Sri Lanka pale Nairobi, dunia nzima ikashangaa. Kocha wa nje alifanya kazi yake na ilionekana. Kilichokosekana ni kile cha chini yake, ligi ya mechi ndefu yenye ushindani inayoleta wachezaji wapya kila msimu, halafu ikaja migogoro ya uongozi na wachezaji kugoma, kizazi kile kikazeeka kikiwa kile kile, na 2014 wakapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Sisemi Patil alikosea. Hakuna aliyemwajiri kwa ajili ya watoto wa miaka kumi na moja, hilo ndo tatizo.

Haya, mtaalamu wa mfumo anafanya nini hasa akifika? Wengi wanadhani atakuja na siri. Mimi nimekaa na mmoja pembeni ya neti za mazoezi siku nzima, mtu mzima ana kofia pana, ana kile kimashine kidogo cha kubonyeza cha kuhesabia watu mlangoni, hasemi kitu. Kachagua mtoto mmoja kwenye foleni ya kupiga, kila mtoto yule akipokea mpira anabonyeza, tik. Mazoezi ya saa mbili. Mwisho akanionyesha, kumi na nane. Mtoto kaamka asubuhi, kapanda gari mbili, kakaa uwanjani saa mbili, kapokea mipira kumi na nane, yaani ova tatu tu, muda uliobaki kasimama kwenye foleni anachezea majani. Makocha walikuwa wanaamini wamefanya mazoezi mazito kweli kweli, na hawakuwa waongo, wao walichoka. Wiki iliyofuata tukawagawa watoto wanne wanne, mmoja anapiga, mmoja anarusha, wawili wanadaka, eneo dogo na mipira laini, idadi ikapanda mara kadhaa bila kununua chochote.

Alihesabu na upande wa pili pia. Kulikuwa na kijana bowla (mrushaji mpira) wa kasi, miaka kumi na nne, mrefu, kila kocha anampenda, na kila kocha anamtumia: shule inamtaka, klabu inamtaka, timu ya mkoa inamtaka. Hakuna hata mmoja aliyejua wenzake wamemrushisha mipira mingapi wiki hiyo. Bowla wa kasi anapotua mguu wa mbele mwili unapokea nguvu mara kadhaa ya uzito wake huku mgongo umepinda na kujizungusha, na mifupa ya mgongo wa chini kwa umri huo bado haijakomaa, ndo maana nyufa za mgongo ni ugonjwa wa vijana wenye kipaji haswa. Uingereza kwa miaka mingi mwongozo wao kwa bowla wa kasi wa kundi la chini ya miaka 15 umekuwa ova 6 mfululizo basi apumzike, na zisizidi 12 kwa siku nzima. Hiyo haihitaji mashine, inahitaji kidaftari kimoja anachotembea nacho mtoto mwenyewe, kila kocha anaandika. Kidaftari cha yule kijana tulipokijaza mara ya kwanza palikuwa kimya kidogo kwenye kikao.

Na pichi. Hapa ndo nchi nyingi zinazokua zinaumia bila kujua. Watoto wanakulia kwenye zege lililotandikwa mkeka, mpira unadunda juu na unadunda vilevile kila mara, wanajifunza kupiga kwa kuuamini mdundo, halafu wanapelekwa kwenye mashindano ya kimataifa kwenye pichi ya udongo na nyasi, mpira unakaa chini, unageuka, unachelewa, timu nzima inatoka kwa mikimbio hamsini na kitu tunasema walikosa moyo. Moyo wanao, hawajawahi kuuona mpira wa namna ile. Kutengeneza pichi ya udongo ni ufundi wa udongo wa mfinyanzi, maji na rola, na siku za kusubiri, na fundi wake mara nyingi ni mzee mmoja ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina hata moja. Kama bajeti yenu inatosha mgeni mmoja tu, fikirieni mtaalamu wa pichi kabla ya mtaalamu wa kupiga. Najua hapigwi picha uwanja wa ndege huyo.

Halafu kuna urefu. Pichi kamili ni mita 20.12. Australia kwa watoto wadogo wameshusha mpaka mita 16, kisha 18 wakikua kidogo, kwa sababu mtoto wa miaka tisa akirusha kutoka mita ishirini mpira haufiki vizuri, unaenda pembeni, mpigaji hapigi, mdakaji hadaki, wote wanaboreka. Kubadilisha hili ni chokaa na futi ya kupimia. Na niseme ukweli, mambo haya mara nyingi kuna kocha wa ndani amekuwa akiyasema miaka sita hakuna anayemsikiliza, nabii hakubaliki kwao, mgeni akisema sentensi ile ile inaingia kwenye muhtasari wa kikao na inapitishwa. Inauma lakini ni matumizi halali ya mgeni. Basi angalau yule kocha wa ndani apewe kazi ya kulisimamia.

Hapo tunaingia kwenye mkataba, na hapa nawaomba viongozi wa vyama msome taratibu. Hadidu nyingi ninazoletewa zimeandikwa "kuinua kiwango cha kriketi nchini". Hiyo ni dua, sio kazi, huwezi kumdai mtu. Andikeni vitu vinavyohesabika: makocha wangapi watakuwa wamepata cheti, na mwaka mmoja baada ya cheti wangapi bado wanafundisha, maana hilo la pili ndo lenye shida. Mechi ngapi mtoto wa chini ya miaka 15 anacheza kwa msimu. Mabowla wangapi wana vidaftari. Msifunge malipo yake na ushindi wa timu ya wakubwa, mkifanya hivo ataacha watoto atakimbilia kambi ya timu kubwa, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo.

Mwenzake wa ndani, yule wa kujifunza kwake, lazima awe mwajiriwa kamili tangu siku ya kwanza na aandikwe kwenye mkataba. Kuna chama kimoja nilishawahi kukisaidia, sikitaji, walimteua kijana mzuri tu awe msaidizi wa mtaalamu, lakini kijana huyo huyo alikuwa meneja wa timu, mtunza vifaa na dereva. Mwezi wa tatu nikaenda nikamkuta anashika funguo za stoo tu, mtaalamu anafanya kila kitu peke yake kwa sababu ni haraka zaidi. Alipoondoka tukafungua folda ya mpango wa miaka minne, ndani kulikuwa na picha za kambi na ratiba ya basi. Mpango ulikuwepo, na ulikuwa mzuri, ila ulikuwa kwenye kompyuta yake binafsi na mkataba haukusema popote kwamba ni mali ya chama. Kwahiyo lisemeni: data zote, video zote, mitaala yote inakaa kwenye akaunti ya chama, na malipo ya mwisho yanatoka baada ya makabidhiano.

Tena sio lazima awe wa kukaa muda wote. Chama chenye pesa kidogo kinaweza kumleta mara tatu kwa mwaka, wiki tatu tatu, katikati mnawasiliana kwa simu na video, na wa ndani wanalazimika kufanya wenyewe akiwa hayupo. Akiwa hayupo ndo mnaona kama kuna kitu kimeingia.

Na kwenye usaili msipoteze muda kumuuliza falsafa yake ya ukocha, wote wanazo na zote zinafanana. Muulizeni nchi ya mwisho aliyofanya kazi alipoondoka nani alikaa kwenye kiti chake, na mtu huyo bado yupo au naye kashatoka. Akitaja jina, msipigie wale wadhamini aliowaorodhesha kwenye CV, mtafuteni huyo aliyemtaja.