Je, wajua kwa nini mbwa mkubwa mzee ni rahisi kuishi naye kuliko mtoto wa mbwa?

Watu wengi wakitaka mbwa wa mwili mkubwa wanaenda moja kwa moja kwa watoto, wale wa miezi miwili wenye miguu minene. Kwenye makao ya wanyama wasio na mwenyewe, yule wa miaka 7 au 8, mvi zimeshamtoka mdomoni, kalala zake pembeni, wanampita tu. Inaniuma kwa kweli, maana kazi ngumu yote ya kulea mbwa mkubwa, kwa huyu imeshapita.

Angalia Great Dane, aina ya mbwa mkubwa sana. Anazaliwa na kama nusu kilo hivi, halafu kabla hajafika miaka miwili kashavuka kilo 45, na madume yanaenda mbali zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu una mnyama mwenye mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto, anavuta kamba anakuburuza, anarukia wageni, na kati ya miezi 4 na 6 anabadilisha meno so kiatu, waya, mguu wa meza vyote anatafuna. Hapo ndo watu wengi hukata tamaa.

Mzee hayo kayapita. Umbo lake unaliona, hakuna kubahatisha atakuwa mkubwa kiasi gani, na tabia yake wanaomtunza wanaijua, kama anaelewana na watoto, na paka, na mbwa wenzake. Mara nyingi kazoea kujisaidia nje. Kutembea anataka ila taratibu, halafu sehemu kubwa ya siku analala. Na hawa wakubwa wengi wana katabia, anakuja anasimama pembeni yako anakuegemea mguuni na uzito wake wote, anatulia hapo hapo, yaani ukisogea anasogea na wewe.

Kuna wanaosema samaki mkunje angali mbichi, sasa mzee atafundishika kweli? Anafundishika, tena vizuri, kwa sababu anatulia na kukusikiliza. Mpe tu muda wa kuzoea nyumba, wiki za mwanzo anaweza kuwa kimya au asile vizuri, usimlazimishe.

Sasa kwa nini aitwe mzee mapema hivyo? Mbwa wakubwa wanazeeka haraka kuliko wadogo. Sababu yote haijajulikana ila wanasayansi wanaihusisha na ukuaji wao wa kasi na homoni inayoitwa IGF-1, ambayo wakubwa wanayo nyingi zaidi. Great Dane kwa kawaida anaishi miaka 7 mpaka 10, Labrador 10 mpaka 12 na zaidi kidogo, wakati mbwa mdogo anaweza kufika 15. Kwa hiyo ndiyo, muda mtakaokaa pamoja ni mfupi, na hilo uliingie ukijua. Dawa nazo zinapimwa kwa kilo za mbwa mwenyewe kwa hiyo gharama iko juu.

Lakini mengi yako mikononi mwako, hasa uzito. Kuna utafiti wa Labrador 48 uliotoka 2002, waliwafuata maisha yao yote, wale waliolishwa robo pungufu ya wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi na maumivu ya viungo yakawachelewa. Usimnenepeshe kwa kumhurumia! Tandika mkeka sakafu ikiwa inateleza, mpe godoro nene. Macho yakiwa na ubluu kama ukungu usikimbilie kusema kapofuka, mara nyingi ni lenzi imezeeka tu na anaona, ila daktari wa wanyama amwangalie ahakikishe. Cha kukimbilia ni tumbo, likivimba ghafla, anahangaika na anajaribu kutapika hakitoki kitu, huenda limejaa gesi na kujipinda, hapo usisubiri hata asubuhi, mpeleke muda huo huo.

Ukienda kumchagua, usimwangalie akiwa kasimama tu. Tembea naye kidogo, subiri alale, halafu mwite ainuke. Akianza kujivuta kwa miguu ya mbele huku nyuma inachelewa, huenda ni viungo au mgongo, waulize wanaomtunza kama anatumia dawa gani na ashapigwa eksirei au bado, kabla hujasaini karatasi.